Nimeziba meno mawili kwa dawa ya rangi ya jino: moja limeshika, jingine linavuja

Meno yangu mawili yamezibwa kwenye kliniki moja hapa Tabora mjini, siku moja, daktari mmoja, gundi ile ile. Gego lilitoboka juu, pale pa kutafunia. Jino la pili lilikuwa limelika shingoni, jirani kabisa na fizi. Sasa umepita zaidi ya mwaka. Gego nimelisahau kama liliwahi kuuma. La shingoni nikinywa maji ya friji linachoma, na nikilamba asali, ambayo nyumbani kwetu haikosekani, ndiyo usiseme.

Dawa hii, yaani kompositi, haishiki jino yenyewe. Inashikwa na gundi. Kwenye gego nilifuatilia kila hatua kwa kioo: asidi ya fosforiki ikapakwa kwa sekunde chache, ikaoshwa, jino likapulizwa upepo mpaka enameli, yaani gamba gumu la nje ya jino, ikawa nyeupe isiyong'aa. Weupe ule ni vitundu vidogo mno ambavyo gundi inapenya na kugandia. Mbinu hiyo ilianza na Michael Buonocore wa Marekani mwaka 1955, na kwenye enameli hadi leo ni ya kuaminika. Kisha gundi kwa kiburashi, upepo kidogo, taa ya bluu ya kuigandisha, halafu dawa tabaka kwa tabaka, kila moja isizidi milimita 2 hivi. Ikijazwa yote kwa mkupuo taa haifiki chini vizuri, na kwa kuwa dawa husinyaa inapoganda, inaweza kujivuta ikaachana na ukuta wa jino.

Shingoni mambo ni mengine. Huko enameli ni nyembamba, na karibu na mzizi haipo kabisa, kwa hiyo gundi inabaki kung'ang'ania dentini, yaani sehemu ya jino iliyo chini ya enameli, ambayo ina unyevu wake wa ndani. Juu ya hapo fizi yangu ilikuwa inatoa damu kidogo na mate yalikuwa yanarudi, kinga ikiwa pamba tu. Ni sawa na kubandika kiraka kwenye tyubu ya baiskeli yenye maji. Naamini kabisa kazi ilipaswa kusimamishwa pale mpaka fizi itulie, au niambiwe nirudi siku nyingine. Ningerudi bila kinyongo.

Nilipokwenda kulalamika, daktari alipitisha kichuma chenye ncha kwenye ukingo wa dawa. Upande wa juu kikateleza. Upande wa fizi kikanasa, na kwenye kioo nikaona mstari wa kahawia: hapo ndipo dawa imeachia.

Kwa hiyo kwa tundu la juu ya gego nawashauri mwende bila wasiwasi, hata bei yake naiona ya haki. Kwa jino la shingoni, kabla ya kulipa muulizeni daktari atazuiaje mate na damu. Mimi tumekubaliana aitoe dawa ile, atibu fizi kwanza, kisha azibe kwa glasi ayonoma, ambayo inashikana na jino yenyewe, inavumilia unyevu kuliko kompositi na inatoa floridi, ingawa rangi yake haivutii sana.