TAHADHARI: Wachenjishaji wa pesa wa getini bandarini kwa wanaosafiri na meli za kitalii

Hii ni kwa yeyote anayepanda meli ya kitalii inayopita Mombasa, Zanzibar, Komoro, Nosy Be ya Madagaska, Reunion, Morisi na Shelisheli. Safari moja, sarafu saba, na juu yake dola au yuro za ndani ya meli. Nje ya geti la bandari utamkuta mtu ameshika kitita, anakuita kaka, dada au mama, na bei yake ya kuchenji dola imezidi kidogo ile ya duka la kubadilishia fedha. Usimpe pesa yako. Meli ikiondoka saa kumi na moja jioni, abiria hutakiwa wawe wamesharudi nusu saa au saa nzima kabla, na yeye ratiba hiyo anaijua. Anajua huna muda wa kuzunguka kutafuta duka, na anajua kesho utakuwa nchi nyingine, kwa hiyo hutarudi kumdai.

Mchezo wenyewe uko hivi. Tuseme maduka yananunua dola kwa shilingi 2,450 za Tanzania, yeye anakutajia 2,550. Kwa dola 100 anahesabu mbele yako noti 25 za elfu kumi na moja ya elfu tano. Unahesabu na wewe, zimetimia: 255,000. Hapo ndipo anaposema "ngoja, nadhani nimekosea", anakichukua kitita, anakipitisha tena vidoleni kwa kasi, na noti tano au sita za chini zinabaki kiganjani mwake. Kinachokurudia kina sura ile ile kwa juu. Wengine hukunja noti chache katikati, ili ukihesabu kwa kupitisha kidole pembeni kila moja ihesabike mara mbili. Mwenzake akipiga kelele "polisi!", unatia mfukoni na kuondoka, na hicho ndicho walichokitaka. Kitita kikitoka mkononi mwako hata kwa sekunde mbili, hesabu ya kwanza imekufa: anza upya, noti moja moja, zikiwa zimelala mezani, au rudishiana naye pesa muachane.

Ile bei nzuri ndiyo dalili ya kwanza. Duka lenye leseni linaishi kwa tofauti ndogo kati ya bei ya kununua na ya kuuza, siku nzima, kwa wateja wengi. Mtu wa barabarani anayekupa zaidi ya duka lazima airudishe faida yake mahali fulani, na mahali penyewe ni ndani ya kitita chako. Zanzibar hali kadhalika: papasi, yaani dalali wa mtaani anayewafuata watalii, akisema anakupeleka kwa ndugu yake mwenye bei poa, jua kwamba ujira wake unakatwa kwenye bei utakayopewa.

Sasa noti zenyewe, kwa sababu hapa hata msafiri makini hupigwa. Kuanzia tarehe 6 Aprili 2025, noti za Tanzania za matoleo ya 1985 hadi 2003 si fedha halali tena, pamoja na noti ya shilingi 500 ya toleo la 2010. Muda wa kuzibadilisha ulikuwa Januari 6 hadi Aprili 5 mwaka huo. Aliyebaki nazo hana pa kuzipeleka isipokuwa kwa mgeni asiyejua. Kagua hasa elfu mbili, elfu tano na elfu kumi, maana toleo la zamani lina simba, kifaru na tembo kama hili la sasa, na mwenye haraka huona mnyama akaridhika. Shilingi 500 leo ni sarafu. Ukirudishiwa chenji ya noti ya mia tano, ikatae papo hapo. Kenya nako, noti ya 1,000 ya zamani yenye sura kubwa ya Mzee Kenyatta ilikoma kutumika Septemba 30, 2019. Noti ya 1,000 iliyo halali ina jengo la KICC, lile jumba refu la mikutano la Nairobi.

Halafu kuna hili la jina moja kwa pesa mbili. Shilingi ya Kenya ina thamani ya takriban shilingi 18 hadi 20 za Tanzania. Ukitoka Mombasa na noti za Kenya zimebaki kwenye pochi, ukafika Unguja ukazichanganya na za Tanzania, utalipa 1,000 ya Kenya mahali ulipotajiwa elfu moja. Muuzaji asiye mwaminifu hatakusahihisha. Tenganisha: bahasha moja kwa kila nchi, jina limeandikwa juu, na unashuka na bahasha ya siku hiyo tu. Rupia vilevile. Ya Shelisheli ina thamani ya karibu mara tatu ya rupia ya Morisi, kwa hiyo usisome tarakimu peke yake, soma jina la benki kuu iliyoitoa noti.

Nosy Be ina mtego wake, na huu ni mzito kuliko yote niliyotaja. Madagaska iliacha faranga mwaka 2005 ikatumia ariary, ambapo ariary moja ni faranga tano. Lakini watu wengi bado hutaja bei kwa faranga za zamani, hasa sokoni na kwa wenye vyombo vya usafiri, na wengi wao hawana nia mbaya, ni mazoea tu. Tapeli ndiye anayeyatumia mazoea hayo. Mnapatana elfu hamsini, ukimaanisha unachodhani. Mwisho wa safari anadai ariary 50,000, wakati bei ya kawaida ilikuwa faranga 50,000, yaani ariary 10,000. Umelipa mara tano. Kabla ya kupanda au kununua, uliza "ariary au faranga?", na mwambie aandike tarakimu pamoja na neno ariary kwenye karatasi au simu yako.

Komoro ni rahisi kukagua. Faranga yake imefungwa kwa yuro kwa kiwango maalumu, 491.96775 kwa yuro moja. Anayekupa 400 amekula karibu asilimia 19 ya pesa yako. Reunion ni Ufaransa, inatumia yuro, hivyo ukiwa na yuro huna haja ya kuchenji chochote.

Dukani pia fungua macho. Ubao ulioandikwa "bila kamisheni" haukuambii kitu mpaka usome safu zote mbili. "Kununua" ni bei ambayo duka linanunua dola zako. "Kuuza" ni bei linayokuuzia. Namba kubwa iliyowekwa mbele kuvuta watu mara nyingi ni ya kuuza. Chukulia mfano wa kununua 2,300 na kuuza 2,600: dola 100 zinakupa shilingi 230,000, na ukizirudisha zote bila kutumia hata senti unapata dola 88 na ushee. Hiyo ndiyo kamisheni, ila haijaitwa hivyo. Uliza swali moja tu: "Nikikupa dola 100 hizi, unanipa shilingi ngapi mkononi, baada ya makato yote?" Jibu liandikwe kabla hujatoa noti. Duka halali lina leseni ya benki kuu ukutani, litakuomba pasipoti na litakupa risiti. Asiyetaka pasipoti wala kutoa risiti, ondoka.

Mjue pia kwamba kanuni za Tanzania za Machi 2025 zinakataza kupanga bei au kudai malipo ya fedha za kigeni kwa bidhaa na huduma za ndani ya nchi. Dereva au mwongoza watalii anayeng'ang'ania dola Zanzibar anavunja kanuni, na anapokubali shilingi kwa shingo upande huwa anakutungia kiwango chake. Dai bei ya shilingi tangu mwanzo.

Kadi nayo ina mlango wake wa wizi, tena wa kistaarabu. Ukilipa Reunion au Morisi kwa kadi ya benki ya Kenya, mashine inaweza kuonyesha viwango viwili: cha sarafu ya pale na cha shilingi za kwenu. Cha shilingi kinavutia kwa sababu unakielewa. Kikatae. Kiwango hicho hakijapangwa na benki yako bali na mwenye huduma ya mashine, na nyongeza imo ndani. Mlo wa yuro 80, kwa mfano wa yuro moja kwa shilingi 150, ni shilingi 12,000; mashine ikiongeza asilimia 6 unalipa 12,720. Uamuzi ni wa mwenye kadi. Mhudumu akikubonyezea bila kuuliza, usitie namba ya siri wala kusaini. Mwambie afute aanze upya. Mashine ya kutolea pesa ikiuliza kama unataka ubadilishaji wake au hapana, chagua hapana.

Ndani ya meli, mapokezi huchenji pia, kwa bei ambayo kwa kawaida ni mbaya kuliko ya mjini. Itumie kwa dharura ndogo tu. Ukisajili melini kadi inayokata moja kwa moja kwenye akaunti yako ya benki, ili ilipie matumizi ya chumba, kuna kiasi kitakachozuiliwa kwenye akaunti hiyo, na kinaweza kukaa siku kadhaa baada ya safari kwisha. Usitegemee salio hilo kwa nauli ya kurudi nyumbani.

Dola unazobeba ziwe safi, hazijachanika wala kuandikwa. Maduka mengi ya Afrika Mashariki hukataa noti za zamani na hununua noti ndogo kwa bei ya chini kuliko za 50 na 100. Dola 100 ya sasa, iliyoanza kutumika Oktoba 2013, ina utepe wa buluu uliofumwa ndani ya karatasi. Wa kuchapwa juu ni bandia. Kila bandari, chenji pesa ya matumizi ya siku moja tu. Ariary na faranga za Komoro ni vigumu kuzibadilisha nje ya kwao, na sarafu za chuma maduka hayapokei kabisa.

Ukishapigwa, usimkimbize mtu vichochoroni. Piga picha ya noti ulizopewa, andika saa na mahali, nenda kwa polisi wa bandari kabla hujapanda ngazi ya meli, na omba namba ya taarifa. Kama ni kadi, ifunge kwa simu dakika hiyo hiyo na tuma pingamizi la muamala kwa benki yako siku hiyo hiyo, ukiambatisha risiti.