Probiotiki za mtoto aliye kwenye antibiotiki: soma kwanza kile kinyota kwenye kopo

Mwezi wa nne binti yangu wa miaka mitatu aliumwa na sikio, akaandikiwa amoksisilini yenye klavulaneti. Dawa hiyo inajulikana kwa kuwaharisha watoto, kwa hivyo nilipitia kemisti moja karibu na stejini nikanunua kopo la probiotiki za kutafuna, yaani vijidudu vyema vya kulinda tumbo, kwa shilingi 1,850. Siku ya tatu akaanza kuendesha, mara sita kwa siku, ngozi ikachubuka mpaka akawa analia akiona tu nimeshika beseni la kumwosha.

Usiku huo ndipo nilisoma kopo vizuri. "Bilioni 5", yaani idadi ya vijidudu hai, ilikuwa na kinyota, na chini kabisa kinyota kilisema: wakati wa kutengenezwa.

Probiotiki ni viumbe hai, na hufa. Kopo langu lilivuka bahari, likalala bohari, kisha likapangwa kwenye rafu ya dirishani inayopigwa na jua la alasiri. Mimi nililipia hesabu ya siku lilipotoka kiwandani. Ya siku niliyolinunua hakuna anayeijua, hata aliyeniuzia. Kopo la kuaminika hukuhakikishia idadi hiyo hadi tarehe ya kuisha. Ladha na picha za dubu sitazigusa.

Kwa nini bilioni 5? Mwaka 2023 chama cha madaktari wa tumbo la watoto cha Ulaya, ESPGHAN, kilitaja kiasi hicho au zaidi kwa siku, kianze pamoja na antibiotiki, na kwa kazi hii kilitaja aina mbili tu: Saccharomyces boulardii na Lactobacillus rhamnosus GG. Mapitio ya Cochrane ya 2019, yaliyokusanya tafiti 33, yalikuta watoto 8 kati ya 100 waliopewa probiotiki waliharisha. Kati ya 100 wasiopewa walikuwa 19.

Ya kwanza kwangu ni Enterol, na sifichi kwamba naipendelea. Ndani yake mna boulardii, ambayo ni jamii ya hamira wala si bakteria, kwa hivyo antibiotiki haiiui. Mama aliyechoka hahitaji kuhesabu saa kati ya dawa moja na nyingine. Imekaushwa, kwa hivyo inastahimili safari vizuri. Koroga unga kwenye maji au maziwa ya baridi. Uji wa moto utaiua. Ila mtoto akiwa amepewa dawa ya fangasi, hiyo nayo itaiua. Na mtoto aliyelazwa na mrija kwenye mshipa, njiti, au mwenye kinga dhaifu asipewe probiotiki yoyote kabla daktari hajakubali, kwa sababu hamira hii imewahi kuingia kwenye damu ya wagonjwa wa namna hiyo.

Ya pili ni yoyote yenye rhamnosus GG, mradi herufi hizo GG zimeandikwa. "Lactobacillus" peke yake ni kama kuambiwa mtu anaitwa Kamau na anaishi Nairobi. Hii ni bakteria, kwa hivyo mpe saa mbili hivi mbali na antibiotiki, na usinunue iliyopangwa dirishani kwenye jua.

Enterogermina naiweka ya tatu. Bakteria zake huja zikiwa kama mbegu zilizolala, nazo zinavumilia joto kuliko zote, lakini kwa kuzuia kuhara huku ushahidi wake ni mdogo. Matone ya BioGaia yana milioni 100 kwa matone 5. Piga hesabu ya kufika bilioni 5 utapata matone 250. Yaache kwa mtoto mchanga mwenye msokoto wa tumbo.

Mtindi na mala ni chakula kizuri, mpe. Akianza kuendesha, mpe ORS (chumvi ya kurudisha maji mwilini) na zinki. Damu ikionekana kwenye choo, hospitali.

Kinachoniuma ni hii tabia ya kuuza vipakiti kimoja kimoja. Boksi limefunguliwa, karatasi ya maelezo imetupwa, na bado kwa kipakiti unatozwa zaidi ya anayenunua boksi zima. Mwenye pesa kidogo ndiye anayelipa zaidi, na ndiye anayenyimwa maelezo. Juzi niliomba kuonyeshwa boksi lenyewe, nikaambiwa ninachelewesha foleni. Nilisimama pale pale mpaka likaletwa. Lilikuwa limebakisha wiki mbili kuisha.