Farasi aliyestaafu mbio za uwanja wa Ngong, Nairobi: anamfaa anayeanza kupanda?

Bei huvutia, ila kwa anayeanza tunampa nyota mbili kati ya tano. Amezoezwa kukaza mbio. Ukining'inia kwenye hatamu, wengi huegemea lijamu (chuma cha mdomoni) na kuongeza kasi. Katika mitaa ya Karen na Lang'ata, tafuta farasi wa miaka 10 hadi 15 aliyekwisha kufunzwa upya. Fika kabla hajatandikwa, upitishe kiganja mgongoni: manyoya yaliyogandamana kwa jasho yaonyesha kachoshwa mapema ili aonekane mpole. Muuzaji ampande kwanza; akisita, jibu umelipata. Daktari wa mifugo (asiwe wa muuzaji!) aukunje kila mguu kwa dakika moja, kisha farasi akimbizwe papo hapo. Akizidi kuchechemea, mwache. Dai pia cheti cha chanjo ya ugonjwa wa farasi wa Afrika, unaoenezwa na visubi (vijidudu wadogo wanaouma).