Uzoefu wangu: kupiga polishi gari iliyopauka, Mtwara mjini

Gari yangu ni Toyota IST ya bluu iliyoiva. Usiku inalala nje hapa Shangani, mchana inashinda juani kazini. Boneti ilikuwa na ukungu mweupe ambao gari ikilowa unapotea, ikikauka unarudi pale pale. Taa za mbele zimekuwa njano. Mtaani kila mtu anasingizia chumvi ya bahari. Chumvi inakula chuma kweli, chungulia chini ya milango utaona, lakini mbona boneti na rufu ndizo zimepauka kuliko ubavuni? Hilo ni jua. Linaunguza klia, lile tabaka angavu la juu linaloilinda rangi.

Fundi niliyempata ana banda la makuti upande wa kwenda Mikindani. Hakuanza na bei, na hapo ndipo aliponipata. Alisugua kona ya boneti kwa kitambaa chenye kompaundi, ile dawa ya kusugulia rangi, akanionyesha: hakijashika bluu hata kidogo. Maana yake klia bado ipo. Rufu ilikuwa habari nyingine, imeanza kubanduka mabaka mabaka.

"Bosi, hapa hata nisugue mpaka kesho hapang'ai. Hapa ni kupuliza rangi upya tu."

Wapo ambao wangechukua hela wakapaka mafuta pakang'aa mpaka mvua ya kwanza. Tulielewana 150,000, mwili mzima ukiacha rufu, pamoja na taa.

Kazi yenyewe inachosha kuitazama. Gari ikaoshwa, ikapitishiwa ule udongo laini wa kunasa uchafu ulioganda, maana utomvu wa mti ninaoegesha chini yake ulikuwa hautoki kwa sabuni. Kisha tepu kwenye mipira na kingo zote, kwa sababu kingoni klia ni hafifu na mashine ikizubaa inafika kwenye praima, rangi ya chini kabisa. Kompaundi kali kwa padi ya manyoya, halafu laini kwa sponji, yote kivulini, kwani juani dawa inakaukia kwenye bati. Alimaliza nusu ya boneti akaniita. Upande mmoja nahesabu makuti ya banda lake, upande wa pili ukungu ule ule, na mstari wa tepu katikati. Wewe ukienda popote, dai uonyeshwe hivyo kabla ya kukubali kazi nzima.

Sasa lawama zangu. Vumbi jeupe la kompaundi liliachwa kwenye plastiki za waipa na mianya ya milango, nikalitoa mwenyewe kwa mswaki. Polishi nayo ina mafuta yanayoficha mikwaruzo, kwa hiyo kabla ya kupaka waksi panel inatakiwa ifutwe kwa spiriti ili kazi ionekane ilivyo. Hakufuta. Usiku nilimulika kwa tochi ya simu, mlango wa kushoto ukawa umejaa viduara vya mashine. Nilimrudia, akarekebisha bila kununa wala kuongeza bei.

Taa zilipigwa msasa wa maji, namba 1000, 2000, kisha 3000, halafu polishi, zikawa nyeupe kabisa. Shida ni kwamba msasa unaondoa na kinga ya kiwandani, na yeye alipaka waksi tu juu. Kwa jua letu hizo zitarudi njano mapema. Ukiweza, nunua dawa ya kuzuia miale ya jua uje nayo mwenyewe.

Na usigeuze polishi kuwa desturi ya kila sikukuu. Kompaundi haiongezi kitu, inapunguza, na klia yote ni nyembamba kuliko karatasi ya daftari. Waksi ndiyo ya kurudia kila baada ya miezi michache, hiyo unapaka mwenyewe nyumbani.

Kwa boneti na milango hela yangu imelipa, na fundi nitamrudia. Rufu itapulizwa hela ya korosho ikiingia.