Honda CG 125 ya zamani: ukiwa Mwanza, anzia hapa

Nitangulize hukumu, sababu zitafuata. Kama uko Mwanza, unataka pikipiki ya zamani ya kufufua na kuendesha wikiendi, na huna ndugu Japani wa kukutumia spea, nunua Honda CG 125. Yamaha DT 175 iache kwanza, hata kama moyo ndiko uliko. Najua, DT ina mlio wake, ikipita pale Nyegezi watu wanageuka. Lakini ringi zake za pistoni utazisaka mpaka ukome, na mwisho wa siku itakaa chini ya turubai ikisubiri kifurushi.

CG yangu ni ya zile za awali, volti 6 na platini, yaani kile kiswichi kinachokata umeme ili plagi itoe cheche. Niliipata Magu, imeegeshwa nyuma ya magunia ya pamba, haina betri, haina kasha la cheni, ila kadi ipo na jina la kwenye kadi ndilo la aliyeniuzia. Laki nne na nusu. Huyo mzee alikuwa tayari kunipa kwa tatu, lakini mwanawe akatokea ghafla na kukumbuka kwamba vitu vya zamani ni mali.

Kwa nini CG? Honda waliitoa mwaka 1976 wakiwalenga watu wa nchi kama zetu. Wahandisi wao walikuwa wameshaona pikipiki zinavyoishi huku: oili haibadilishwi, cheni haipakwi kitu, kichujio cha hewa kinakumbukwa siku injini ikikohoa. Basi ile kemshafti, mhimili unaofungua valvu, ambayo kwenye CB 125, pikipiki nyingine ya Honda, inakaa juu kwenye kichwa, wao wakaishusha chini, wakaizungusha kwa gia badala ya cheni, na valvu zikawa zinasukumwa na vyuma viwili virefu. Kemu yenyewe ni moja, inahudumia valvu zote mbili. Mimi nafundisha fizikia, na nakiri kile kipande kimoja cha chuma kinanifurahisha kuliko pikipiki nyingi nzima nzima. Cheni ya nyuma nayo wakaifungia ndani ya kasha kabisa, vumbi lisiione. Wamiliki wetu wengi waliling'oa hilo kasha na kulitupa. Ukikuta pikipiki iliyo nalo, usiombe punguzo, lipa.

Brazil walianza kuitengeneza mwaka huohuo wa 1976, Pakistan wakafuata, na Wachina wakainakili wakaifanya ya kwao. Hapo ndipo faida yetu ilipo. Simama kijiwe chochote cha bodaboda, Buzuruga au Igoma, uchungulie ubavuni mwa injini. Ukikuta pameandikwa 156FMI, mara nyingi huo ni uzao wa CG: silinda ya milimita 56.5, sawa na ya Honda. Ukikuta 162FMJ, hiyo ni ya 150, silinda yake ni ya milimita 62, pistoni yake usiiguse. Kumbuka namba hizo mbili unapoingia duka la spea, maana muuzaji atakwambia "zote zinaingia, dada," huku anaangalia simu.

Kwa hiyo pleti za klachi, kebo, gasketi, plagi, hendeli, vyote unavipata ndani ya nusu saa bila kutoka mjini. Nani mwingine mwenye pikipiki ya enzi hizo anaweza kusema hivyo?

Lakini hapo hapo ndipo mtego ulipo. Spea za Kichina zikishakuwa karibu na rahisi, kila kitu kinachokusumbua unakibadilisha, na baada ya mwaka huna Honda tena. Una bodaboda yenye tanki la zamani. Fundi wangu wa Mabatini ana mkono mzuri sana, lakini kwa hili tunagombana kila mara. Juzi kabureta ilikuwa inavuja, akaniletea mpya.

"Madam, funga hii tu. Nani atajua?"

"Mimi nitajua, fundi."

"Haya. Basi tuisafishe, lakini leo huondoki mapema."

Kweli sikuondoka mapema. Tuliifungua yote, tukakuta sindano ya boya, ile inayozuia petroli isizidi, imeliwa upande mmoja, ukingo mwembamba unaouhisi kwa ukucha kabla hujauona kwa macho. Tukabadilisha sindano peke yake. Kabureta ni ileile ya Keihin na injini inashika kwa kiki ya pili asubuhi. Kanuni yangu: kinacholika kwa kusuguana, nunua cha Kichina bila aibu. Kilichochongwa kiwandani na bado kizima, kisafishe, kirudishe.

Ringi ni habari nyingine. Duka moja hapa mjini, sitalitaja, liliniuzia ringi kwenye boksi lenye nembo ya Japani na bei ya Japani. Kabla ya kufunga, iingize ringi peke yake ndani ya silinda, isukume kwa kichwa cha pistoni ikae sawa, halafu pima ule mwanya wa kati ya ncha zake kwa fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi. Ile ilikuwa na mwanya ambao fila nene kuliko zote nilizonazo ilipita ikicheza. Mpya kabisa, na tayari imechoka! Nilirudi nayo, nikaambiwa bidhaa ikishafunguliwa hairudishwi. Ile ya bei ya chini, ya boksi jeupe, ilikuja kupima vizuri zaidi. Pima, usisome maboksi.

Umeme ndio udhaifu mkubwa. Taa za bodaboda zote ni volti 12, kwa hiyo balbu za volti 6 hazipatikani kirahisi, na hata ukizipata mwanga wake ni wa kuonyesha kwamba upo, si wa kuona njia. Mimi usiku siendeshi. Wengine wanabadilisha mfumo wote kwenda volti 12 na CDI, uwashaji wa kielektroniki usio na platini, na sitawacheka, maana platini zinataka mtu mwenye subira: mwanya wa kati ya milimita 0.3 na 0.4, halafu unazungusha sumaku taratibu huku umeunganisha kibalbu cha kupimia, mpaka mwanga ubadilike pale alama ya F kwenye sumaku inapolingana na alama ya kwenye kasha la injini. Ikikataa, unarudia. Wanafunzi wangu wa kidato cha tatu nimewaonyesha, wawili wakaelewa koili kwa mara ya kwanza. Tapeti, yaani nafasi ya valvu, ni rahisi: milimita 0.08, injini ikiwa baridi kabisa.

Barabarani sasa. Nguvu ni farasi 11 hivi, usitegemee miujiza. Kupanda Isamilo inakwenda gia ya pili bila kulalamika. Kushuka ndiko kwenye adabu, maana breki ni za ngoma mbele na nyuma, na zikipata moto zinakuwa za kuomba. Njia ninayoipenda ni Igoma, Kisesa, kisha vumbi hadi Bujora. Pale Kisesa ukisimama kununua maji hukosi mzee. Nilimwamkia mmoja shikamoo, hata marahaba alichelewa kuitoa, ameshika usukani: "Bwana mifugo alikuwa na ya namna hii. Tulikuwa tunaisikia kabla ya mvua kuisha, tunajua amekuja kuogesha ng'ombe." Akaomba apige kiki. Akapiga. Ikawaka.

Upande wa kusini, Buhongwa, Usagara hadi Kigongo, lami ni nzuri na daraja la Busisi lililofunguliwa mwaka 2025 lina kilomita 3 za upepo. Wa ubavuni, mfululizo. CG ni nyepesi, shika usukani kwa mikono miwili na usijaribu kupiga picha. Mafuta inakula kidogo mno: mwendo wa 60, lita moja inavuka kilomita 40. Kiti ndicho siwezi kukitetea. Ukifika Sengerema unashuka kama umetoka kitandani hospitali.

Kwa anayetafuta ya kununua: kutu ya huku si ya Dar, ziwa letu halina chumvi, na matanki mengi ya Kanda ya Ziwa bado yana chuma. Isipokuwa pikipiki iliyobeba kayabo. Samaki wa chumvi wakipanda nyuma miaka miwili, yale maji yao ya chumvi yanateremka chini ya kiti na kuila fremu kimyakimya, na rangi mpya inaficha. Inua kiti, gongagonga kwa bisibisi pale fremu inapokutana na shokapu. Chuma kizima kinalia. Kilicholiwa kinatoa mlio wa bati lenye unga. Kirumba nilionyeshwa moja inayong'aa kweli, bisibisi ikazama. Mwenyewe akasema ni udongo.

Na kadi. Pikipiki ya miaka hiyo mara nyingi imeuzwa mkono kwa mkono, na jina la kwenye kadi ni la mtu aliyehamia Geita au aliyefariki. Linganisha namba ya fremu na ya injini na kadi kabla ya kutoa hata elfu kumi ya kishika uchumba. Iliyolala bila kadi mimi siichukui hata kwa laki moja, labda kama nataka kasha la cheni.