Mazoezi ya jicho kwa mlio wa mashine: uzoefu wangu na ugonjwa wa makula

Mazoezi haya hayaponyi, tuelewane hapo kwanza. Nilipopiga simu kule kliniki ya Johannesburg, aliyepokea aliniambia macho yangu yatarudi kama ya ujana. Uongo mtupu. Munganga mwenyewe, yaani daktari wa macho, nilipomfikia, alilikanusha neno hilo papo hapo: sehemu iliyokufa imekufa, kinachofundishwa ni kutumia iliyobaki.

Mimi nauza vitenge hapa Lubumbashi, Kongo, kwenye komini yetu iitwayo Kenya. Ugonjwa wangu ni ile aina kavu, inayotupata wengi tukishazeeka. Makula ni kieneo kidogo katikati ya retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga; upana wake hata milimita 6 haufiki, lakini ndicho kinachosoma herufi na kutambua sura. Kikichakaa, pembeni unaona vizuri tu: unatembea, unavuka barabara, unajua mteja ameingia. Ukimkazia macho, uso wake unamezwa na doa la kijivu, yanabaki masikio. Na kwa mfanyabiashara wa kwetu, balaa kubwa ni dola. Noti yenye mpasuko mdogo pembeni hakuna anayeipokea, inakufia mkononi. Mjukuu wangu ndiye aliyenikagulia noti, na wajanja walishajua saa zake za shule.

Binti yangu anaishi Johannesburg, ndiyo maana niliweza. Bila pa kulala bure, gharama ingenishinda mapema.

Kabla ya mazoezi wanapima. Chumba cha giza, kidevu kwenye kishikio, paji la uso limeegemea utepe, jicho moja limefunikwa. Unatazama duara dogo jekundu huku vinukta vya mwanga vikiwaka hapa na pale, vingine hafifu mno. Ukiona kimoja unabonyeza kitufe. Kamera inaifuata retina muda wote, kwa hiyo jicho likiyumba mashine inajua. Mwishoni inatoka ramani: kijani ni panapoona vizuri, kisha njano, nyekundu, na nyeusi pasipoona kitu. Miaka yote nilikuwa nikisikia "makula, makula" tu. Siku hiyo nikaonyeshwa weusi wenyewe, na juu yake kipande kizima cha kijani, kimekaa tu hakina kazi.

Ndicho walichokichagua. Picha huingia kwenye retina kichwa chini, hivyo kukitumia kipande cha juu maana yake ni kupandisha macho kidogo juu ya kitu, ili kitu chenyewe kionekane chini ya doa.

Sasa mazoezi yenyewe, wanayoyaita bayofidibaki. Mashine inalia ti... ti... ti... Jicho likikaribia pale panapotakiwa, mlio unaharakisha. Likifika, unakuwa mmoja usiokatika. Likiteleza, unaanza tena kusuasua. Ni kama kutafuta stesheni kwenye redio ya zamani, ile ya kuzungusha kwa vidole. Hakuna anayekuambia panda au shuka, sikio ndilo linalofundisha jicho. Kawaida ni kama dakika 10 kwa kila jicho, mara moja kwa wiki, na dakika hizo zilinichosha kuliko kushinda sokoni. Machozi yanatiririka, shingo inakaza, hasira zinapanda, maana jicho lina desturi yake ya tangu kuzaliwa: kuangalia kitu moja kwa moja. Halafu wiki moja mlio ukashika na kukaa. Nilicheka peke yangu gizani.

Matokeo? Doa liko palepale. Lakini nasoma bei, nasoma ujumbe wa simu nikikuza herufi, na mpasuko wa dola nauona kwenye mwanga mzuri. Kitabu cha nyimbo cha kanisani bado kinanishinda. Jicho la kushoto, ambalo doa lake ni kubwa zaidi, halikufaidika. Pesa yake bora ningebaki nayo. Munganga hakunificha kwamba tafiti zinaonyesha jicho hutulia zaidi, na baadhi ya watu husoma upesi kuliko mwanzo, ila nyingi zilifanywa kwa watu wachache.

Jambo ambalo kliniki hawakunitayarisha nalo ni watu. Nikiongea nawe natazama juu ya paji lako. Mteja mmoja aligeuka kuona nani amesimama nyuma yake. Rafiki yangu anayeuza jirani akaniuliza, "Mama, siku hizi unanidharau?" Sasa natangulia kueleza.

Nyumbani naendelea na karatasi ya herufi kubwa, kichwa kimetulia, macho yamepanda, taa ya kuchaji karibu kwa sababu ya umeme wetu. Ukiacha, jicho linarudi kwenye mazoea. Kwa maoni yangu, nusu ya niliyojifunza mtu mvumilivu angeweza kunifundisha bila mashine. Thamani ya mashine ni kukuonyesha kipande gani kizima, na kulikosoa jicho palepale linapokosea.

Wenye aina ya maji, au yeyote anayeona mistari iliyonyooka imeanza kupinda ghafla, msikimbilie mazoezi. Ile ni mishipa inayovuja ndani ya jicho. Inatibiwa kwa sindano kama bevacizumab, ranibizumab au aflibercept, na kuchelewa kunaharibu. Mimi nimebandika mlangoni kadi ya kukagulia mistari hiyo, iitwayo Amsler, mraba wa sentimita 10 wenye vyumba vya milimita 5, naitazama kwa jicho moja moja nikiwa na miwani ya kusomea.

Na mkienda, daini ramani yenu iliyochapishwa kabla ya malipo ya mwisho. Mimi niliambiwa iko kwenye kompyuta. Munganga wa hapa alipotaka kulinganisha, ilibidi binti yangu arudi kuiomba, na akalipishwa.