Kozi ya Kiitaliano ya jioni mjini Bukavu: mwalimu ndiye, kijitabu siyo

Kwa miezi mitatu nimehudhuria kozi ya Kiitaliano inayotolewa jioni katika kituo kimoja kidogo cha lugha, upande wa Nyawera, kwa ada ya dola 15 kwa mwezi, huku kijitabu cha mazoezi kikiuzwa kando kwa dola 5. Wanafunzi wengi ni watawa wanaojiandaa kwenda Roma au Parma. Kozi inastahili bei yake, kijitabu hakistahili.

Chukua msemo mmoja tu, in bocca al lupo. Kijitabu kimeutupa katikati ya orodha na kuandika mbele yake «bahati njema», basi. Kwa kuiamini tafsiri hiyo, padre mmoja mzee Mwitaliano aliponiambia maneno hayo mkesha wa mtihani wangu, nilimjibu grazie, yaani asante, kwa adabu zote. Aliguna, akatikisa kichwa, kana kwamba nimeuangusha mtihani palepale.

Nilipomsimulia Mama Mwalimu, aliacha somo la siku hiyo akautumia muda wote uliobaki kutufafanulia. Maneno yenyewe ni «mdomoni mwa mbwa mwitu», na jibu lililozoeleka ni crepi, yaani na afe, au hata na apasuke, kwa kuwa kitenzi crepare kinabeba maana zote mbili. Umbo hilo halikutusumbua, kwa sababu ile i ya mwisho inafanya hapo kazi ileile ya e yetu katika «afe». Kilichotusumbua ni desturi: kwa Waitaliano wengi, kumtakia mtu heri waziwazi kabla ya jambo gumu ni kuita mkosi, kwa hiyo hutajwa hatari yenyewe, na anayeambiwa huilaani badala ya kushukuru. Accademia della Crusca, taasisi ya lugha iliyoanzishwa Firenze mwaka 1583, inauhusisha msemo huu na wawindaji. Mwenzetu mmoja alipendekeza tumtaje chui, kwani mbwa mwitu wa namna hiyo huku Kivu tunamjua kwa Biblia tu. Pendekezo lilikataliwa, ingawa mimi nililipenda.

Mama Mwalimu alituonya pia kwamba siku hizi wapo wanaojibu viva il lupo, aishi mbwa mwitu, wakisema kwamba mdomo huo ni wa mama anayebeba watoto wake. Maelezo hayo yanapendeza, lakini hayaelezi jibu la crepi lilitoka wapi; tena mnyama huyo analindwa na sheria nchini Italia tangu miaka ya 1970, na si ajabu kwamba watu wanasita kumtakia kifo. Matumizi aliyafupisha: msemo huu ni wa mtihani, usaili au jukwaa, wala si wa siku ya kuzaliwa, ambayo ina auguri yake, yaani «heri».

Dosari zipo. Umeme ukikatika tunasoma kwa taa za simu, na darasa la watu 20 halitoi nafasi ya kutosha ya kuzoeza matamshi, wakati wengi wetu bado tunasema «boka», bila kuikaza ile c maradufu. Mwezi wa nne nimeshaulipia. Kijitabu, ambacho kina kurasa nyingine nyingi za orodha za namna hiyo, nimemwachia mdogo wangu achoree.